Mapazia ya Bahiya

Asila shoga angu, acha unachofanya usome. Wifi yangu Bahiya kakaa sakafuni hapa, analia kwa hasira.

Unayakumbuka yale mapazia aliyoagiza mtandaoni, kwenye duka la Dar? Tangazo limeandikwa wazi, tunakuletea bure popote Tanzania. Popote. Leo yamefika kwa wakala wa boti hapa Malindi, bandarini Unguja, anaambiwa alipe nauli, na nauli yenyewe inapita bei ya mapazia.

Kampigia mwenye duka. Akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, Zanzibar hatuihesabu humo. Huko ni kama nje."

Kama nje, Asila. Bahiya akamuuliza, "Kwani mie naishi nchi gani?" Yule akasema, "Sasa unalipa au yarudi? Na kurudisha utalipia wewe."

Hela hiyo hana, na mapazia ya zamani keshampa Bi Ummy, jirani wa dirisha la mbele. Si unamjua Bahiya kwa kujinata. Alimpelekea mwenyewe, akamwambia, "Chukua tu, mie nangoja ya kisasa."

Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanakuja watu na posa ya bintiye. Dirisha li uchi. Ukikaa kwenye kochi unayaona yale mapazia yake ya zamani yanapepea kwa Bi Ummy, ng'ambo ya uchochoro.

Kanituma mie nikayaombe. Bi Ummy hata hakucheka. Kanambia, "Mwambie ntamuazima. Ila ayatunze, maana si yake."