Kanda za Mama Zisizo na Jina

Baba, shikamoo.

Ningeanza kwa kukuuliza habari za huko uliko, lakini nisikufiche, nakuandikia nikiwa nimekasirika. Niko ofisini hapa Moshi mjini, wenzangu wameenda kula, na mimi nimebaki na kompyuta ya ofisi na boksi lako la kanda. Kila mchana natoa kanda moja, naiweka kwenye redio, nasikiliza, kisha najaribu kuandika nani amefanya nini humo ndani. Na kila mchana unanishinda, Baba. Umekufa na bado unanishinda.

Unaikumbuka kanda ya fidla, ile inayoanza polepole mpaka Mama akawa anasema mpigaji kafiwa? Juu yake umeandika kwa ule mwandiko wako wa ualimu: "Mzee Aloisi." Basi, hakuna lingine. Baba, Mzee Aloisi jirani yetu alijua ng'ombe na pombe ya mbege. Fidla hakuwahi hata kuigusa! Sasa nani alitunga? Nani alipiga? Okestra ilikuwa ya wapi, na nani alisimama mbele kuiongoza? Ile misa ya Kilatini nayo umeiandika "Mjomba Kalisti." Najua kwa nini. Mjomba ndiye aliyekupandishia betri ya gari hadi nyumbani Kibosho siku umeme ulipokatika, ukaweza kurekodi kutoka redioni. Na Mzee Aloisi ndiye aliyebeba santuri ya padri mzungu kutoka parokiani, akiifunika kwa koti lake mvua isiiharibu, yeye mwenyewe akafika ameloa chepechepe. Hayo nayajua mimi. Nani mwingine atayajua?

Kwa maana kanda hizi hazitakaa kwangu. Padri wa maktaba ya seminari amekubali kuzipokea, wanafunzi wake wazisikilize, ila anataka kila moja iwe na mtunzi, kiongozi, waimbaji na wapigaji. Nilimpelekea karatasi za kwanza. Akavua miwani, akaniuliza, "Huyu Kalisti wa kwenye misa anaimba besi?" Hakuwa anatania. Nilitamani ardhi inimeze.

Kompyuta nayo ina visa vyake. Imeniwekea kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "msanii". Kipande cha piano na okestra kina mtunzi, kina mpiga piano, kina kundi zima la watu na kiongozi wao. Nimwandike nani? Nikimweka mtunzi, mpiga piano kapotea. Nikimweka mpiga piano, wale wote waliopuliza na kukwaruza nyuma yake nimewafanya hewa. Nikakipiga kibao cha herufi mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kuwa muziki una wenyewe wengi. Ulinifundishia uani, Krismasi, ndugu wamepanda kutoka Dar na Arusha, mbuzi amelazwa juu ya majani ya migomba. Ulikuwa hukosei fungu la mtu. Ulisimama na kisu chako ukaita kwa sauti ya mwalimu wa kwaya: "Kidari, Mzee Aloisi!" Mzee akiwa hayupo, mtoto wake aliitika "Naam!" akaja kupokea kwa mikono miwili. Kisha jioni, santuri ikizunguka, ukaniambia, "Manka, na hapa ni vilevile. Mtunzi ana fungu lake, mwenye fidla ana lake, anayewaongoza ana lake. Ukimsahau mmoja umemdhulumu." Nilikuamini mno. Ndiyo maana leo nina hasira.

Lakini Baba, hayo ya fidla na besi ningeyasamehe. Kisa hasa ni Mama.

Mama alipiga kinanda kanisani pale kigangoni tangu sijazaliwa. Ulipouza kahawa ukanunua redio kaseti, miaka ile ya ruksa maduka yalipoanza kujaa vitu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumrekodi yeye. Nakumbuka vizuri. Misa ikiisha, watu wakitawanyika, ulimwomba apige tena kile kipande cha yule mtunzi wako Mjerumani, na mimi nikawekwa mlangoni kuwafukuza kuku. Mama alikanyaga zile pedali kwa viatu vyake vya Jumapili, akikosea anacheka. Namkumbuka Mama tangu tumzike, Baba. Sura ninayo kwenye picha. Ninachotaka ni kusikia mikono yake.

Nimelipekua boksi lote. Mzee Aloisi yumo, Mjomba Kalisti yumo, hata sista wa zahanati aliyekupa sabuni ya kusafishia santuri yumo. Mama hayumo! Nilikaa chini nikalia kwa uchungu. Nikasema, mume gani huyu, anamwandika mbeba betri, mke wake aliyepiga kinanda anamwacha?

Ndipo nikaukumbuka mwaka ule nilipokuuliza pale pale uani kwa nini hujaita fungu la Mama. Ulinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Ukasema, "Wa nyumbani haitwi. Lake liko jikoni." Na kweli lilikuwa jikoni, limefunikwa vizuri, la mafuta, kuliko ya wengi.

Baba, nilisimama ghafla kiti kikaanguka. Kulikuwa na katoni moja chini ya kitanda chako, ya kanda ambazo hazikuandikwa kitu. Niliiona siku ya matanga. Hazikuwa kanda tupu. Zilikuwa za Mama.

Nikampigia Deo. Unamjua mwanao, sasa analima mpunga Chekereni na ana kibanda cha soda, jioni anawawekea vijana muziki. Nikamuuliza katoni iko wapi. Akasema, "Dada, si zilikuwa tupu zile? Hazina jina hata moja. Mi nikazichukua nikarekodia bongo fleva."

Nilimtukana, Baba, kwa Kiswahili na kwa Kichagga. Halafu nikakutukana wewe kimoyomoyo, unisamehe, maana yeye kosa lake lilikuwa kuamini kwamba baba yake angeandika jina la mama yake. Jina moja tu. Kalamu ulikuwa nayo mfukoni siku zote!

Jumamosi Deo alipanda Kibosho na zote, amezifunga kwenye mfuko wa mpunga, macho mekundu. Tulikaa uani tukazisikiliza hadi mwisho, moja baada ya nyingine. Ngoma, vijana wanajisifu, ngoma tena. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Kwenye moja, wimbo ulikatika katikati, ikakwaruza, na kinanda kikaingia. Ni kipande kifupi. Mama anapiga, anakosea, anacheka. Anasema, "Zima bwana, nimeharibu." Na wewe unasema, "Endelea, Mama Manka, ndiyo kwanza panaanza kunoga." Anaendelea mpaka mwisho. Nyuma yake kuna kuku.

Nimekata ile sehemu ya plastiki juu ya kanda ili asirekodi mtu tena. Hii haiendi seminari. Nyingine zitaenda, na nimemwambia padri kuwa Aloisi na Kalisti wabaki kwenye karatasi, nimewatengea mstari wao: waliowezesha. Amekuna kichwa, amekubali. Ya Mama nimeiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Mtunzi, Mjerumani wa Baba. Kurekodi, wewe. Kufukuza kuku, mimi.

Jumamosi ileile nilisimama uani, kanda mkononi, pale ulipokuwa ukisimama wewe, bado nimekukasirikia, nikaliita jina la Mama kwa sauti yako: "Kinanda, Apolonia!"

Deo aliinuka kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye suruali. "Naam!" akaitika, akaja kupokea kwa mikono miwili.

Lala, Baba. Hasira zikipoa nitakuja kupalilia kaburi lako.

Mimi, binti yako mlinda mlango,
Manka