Mlango Niliouruka

Mpendwa kaka Hamadi,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako siiulizi, maana huko uliko hapana wa kurudisha jibu, na yangu ukiiuliza nitakwambia njema, halafu itanibidi nitubu na hilo pia. Basi salamu tuzivuke, tuingie ndani.

Barua hii sikuitia bahasha. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitaisoma barazani hapa mtaani kwetu Chake, kila mwenye sikio asikie. Wengi wao walikuwapo siku ile na halua waliila. Nimeona ni haki wajue waliila juu ya nini.

Mwandiko wangu unaujua. Wewe ulikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani mpaka ukahitimu. Mimi nilitoroka juzuu ya pili, na kusoma nikajifunzia ukubwani, kwenye makopo ya samli na karatasi za majani ya chai. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu lilikuwa jina la mafuta ya taa, nikatembea siku nzima kama niliyefunuliwa siri. Ulicheka, lakini kesho yake uliniletea kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa, ukaniambia nianze na hicho, kina maneno mengi zaidi na kinanuka vizuri zaidi.

Nakukumbuka hasa siku za mikusanyiko. Siku za kazi ulikuwa mtu kama watu, mchumaji wa karafuu mwenye mgongo unaouma. Mtaa ukikusanyika, ulikuwa kama taa iliyotiwa mafuta.

Unaukumbuka mchezo wa ng'ombe wa Kengeja? Uliingia uwanjani na kitambaa cheupe, zumari inalia, na dume linakwaruza ardhi kwa kwato. Mimi nilikuwa juu ya mfenesi kabla kamba haijalegezwa. Mchezo ukaisha, ng'ombe akarudishwa zizini, mimi bado niko juu. Ukamwomba mpiga zumari asiiweke kwanza zumari yake, kuna mchezaji mmoja bado yumo mchezoni. Kijiji kizima kikanyanyua macho kwenye mfenesi. Nilishuka kwa heshima niliyoweza, na heshima haikuwa nyingi.

Na ile siku Bwana Mkubwa wa wilaya alipotukusanya kiwanjani kutueleza habari za usafi? Alisema kwa Kizungu muda wa kuiva chungu cha maharage. Mkalimani akangoja, akakohoa, akatufasiria: "Anasema fagieni." Tukapiga makofi. Uliniinamia sikioni ukasema maneno mengine yote mkalimani ameyatia mfukoni, anakwenda kula na wanawe. Nilicheka mpaka askari akanitazama, na wewe ukakaza uso kama hunijui.

Hayo ndiyo matamu. Sasa niseme la Mfungo Sita.

Wewe unalijua, lakini nalisema kwa ajili ya wanaosomewa, maana wadogo wao hawakuwapo. Kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, mtaa wetu husoma maulidi baada ya laasiri, mikeka ikatandikwa toka msikitini mpaka dukani kwa Ramji. Kisomo hugawiwa vipande, kila kipande kina mtu wake. Kile cha kuzaliwa Mtume, ambacho kikifika wote tunasimama, kilikuwa chako. Hakuna aliyekiandika kuwa chako. Shehe akifika hapo alikuwa hata hatazami, hunyoosha kitabu upande wako tu, na sauti yako ikatoka taratibu, na wanawake kule ndani wakaacha kugonganisha sahani.

Na kwetu mtu haendi shughuli kwa kusikia. Harufu ya pilau impite puani, hata sufuria lenyewe likiwa lake lililoazimwa, hatoki mpaka aje mtu mlangoni apige hodi, amwambie kwa mdomo wake: mnaalikwa maulidi, siku fulani, wakati fulani. Asiyeambiwa hakutakiwa. Ndivyo tulivyo, na sina hakika kama ni adabu au ni ugonjwa.

Mwaka ule mwalikaji nilikuwa mimi. Waalikaji wa zamani walizibeba nyumba zote kichwani. Mimi niliwaambia wazee nitaandika orodha. Walishangaa, wakaniruhusu, na nikatembea mtaani na karatasi mkononi kama karani wa forodha. Kila nyumba nikipiga hodi naitazama karatasi kwanza, hata nyumba niliyokula ndani yake tangu utotoni. Ramji, ambaye mimi nilikuwa nikishona barazani kwake na sasa bado nashona, nilimwalika vilevile. Ni Baniani, maulidi si yake, lakini kila mwaka hutoa sukari ya sharubati, na alikuwa anapenda kukaa kwenye benchi nje, arashiwe marashi kama watu.

Kisha nikafika kwako. Nyumba yako na yangu ukuta mmoja, kwa hiyo niliiacha ya mwisho. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani nikakusikia unasoma peke yako, unainoa sauti kwa kipande kile. Mkono niliuinua. Kisha nikaushusha.

Nikajiambia: huyu ni mwenyewe. Mimi ndiye ninayealika, naye ni kaka yangu, na mwenyeji haalikwi. Neno zuri, lina heshima ndani yake. Uongo wa namna hiyo huvaa kanzu na kofia.

Chini ya kanzu palikuwa na hivi, kaka. Kipande kile nilikuwa nimejifunza. Miezi mitatu nilikisoma pale barazani, nikikanyaga cherehani kwa nguvu ili mtu asinisikie. Ramji alidhani mashine imeharibika. Nilitaka mara moja tu Shehe anyooshe kitabu upande wangu, watu waseme kumbe na huyu aliyesomea makopo anaweza. Sikutaka upatwe na jambo. Nilitaka usiwepo, siku moja, kwa sababu isiyokuwa yangu. Nikaitafuta sababu ya namna hiyo, nikaipata mlangoni kwako, nikaondoka nayo.

Siku ikafika. Watu wakajaa, ubani ukafuka. Nafasi yako karibu na Shehe ikabaki wazi, na kila aliyeingia aliitazama akaenda kukaa kwingine. Kisomo kilipokaribia kipande chako, Shehe akanigeukia.

"Saidi, ndugu yako umempa habari?"

"Nimempa," nikasema.

Ningeweza kusema nimesahau. Nyumba yako ilikuwa hatua arubaini, ningekwenda mbio ungekuja hata kwa kanzu ya kazi. Nilisema nimempa, na Shehe akaelewa kwamba wewe umekataa kuja. Nikauona uso wake unavyobadilika.

Sasa sikiliza Mungu anavyojua kupanga. Shehe alikishika kitabu kwa muda mfupi, akatazama huku na huku, akapitisha macho juu yangu kama mtu anayetazama nguzo, akampa mgeni mmoja kutoka Kengeja aliyekuwa na mafua. Huyo akakisoma kipande chako kama mtu anayevuta gogo matopeni. Nikasimama na wenzangu, nikarashiwa marashi, nikaitikia. Ndiyo faida yote niliyopata.

Watu walipotawanyika, Ramji aliniita kwenye benchi lake akaniuliza yule ndugu yangu mwenye sauti yu wapi leo, mgonjwa? Mtu ambaye hata maneno hayajui alijua kimepungua nini. Nikamwambia ana shughuli.

Kabla ya magharibi nilikuletea sahani ya halua, nimeifunika kwa kitambaa kizuri. Ulifungua mlango mwenyewe. Ulikuwa umevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia yako ya vito, ile ya sikukuu. Ulikuwa umekaa tayari tangu adhuhuri, ukingoja hodi. Hilo sikulitia akilini siku ile, nimelitia baadaye, nalo halijatoka.

"Sikualikwa, Saidi," ukasema.

"Wewe mwenyewe, kaka. Mwenyeji haalikwi."

Ulikuwa huna hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwenyeji huitwa kwenye shauri," ukasema. "Mimi sikuitwa shaurini wala mkekani. Basi niambie, mimi ni nani hapa?"

Nikasema kula halua kaka, ya moto hii. Ndilo jibu nililokupa. Ukaipokea sahani, maana ulikuwa na adabu kuliko mimi, na asubuhi Bi Mize mkeo akairudisha imeoshwa, na juu yake ndizi mbivu tatu, kama kwa jirani.

Hukugomba. Ungegomba ningepata pa kushika, tungepigiana kelele, wazee wangeingia kati, tukalishwa wali sinia moja yakaisha. Wewe uliendelea kuniamkua vizuri. Ukipita barazani unasema salamu alaikumu, nasema alaikumu salamu, unapita. Miezi ikaenda hivyo. Baada ya mavuno ya karafuu mkahamia Shumba, kwa kina Mize. Uliwaambia watu ardhi ya kule ina rutuba. Nilikusaidia kupakia vitanda garini. Tulizungumza habari za kamba, kama imekazwa au haijakazwa.

Miaka tisa, kaka. Vita vya Wazungu vikaja, nguo ikawa kwa kadi na mchele kwa bahati, lakini maulidi hayakukatika, halua tu ilipungua ukubwa. Shehe hakunifanya mwalikaji tena, wala hakusema kwa nini. Na kipande chako kimezungukia watu wengi, kila mwaka mtu mwingine, kama kiatu kisichomkaa mtu.

Usidhani sikujaribu. Mara moja nilipanda gari asubuhi, nimevaa, nimejipaka mafuta, nakuja Shumba kukuomba radhi. Nikafika Wete. Gari likasimama sokoni, nikaanza kuwaza nitaanzaje, nitasemaje, na je ukiniuliza mbele ya wakwe zako. Nikanunua samaki nikarudi. Mke wangu nikamwambia nilifuata samaki. Akamnusa akasema Chake hii ina pwani yake, umekwenda Wete kufuata aliyeoza? Nikamla peke yangu kwa kuogopa maswali.

Zaidi ya yote nilikungoja. Ndiyo, mimi mdogo, mimi mkosa, nilikungoja wewe mkubwa uje. Nilijiambia kaka ana moyo mpana, ipo siku atapita hapa barazani, atasema Saidi yameisha, na mimi nitasema yameisha. Nilikuwa nimekipanga mpaka kiti.

Siku ile dereva wa gari la Shumba aliposimama mbele ya baraza na kuzima mtambo, nilijua kabla hajasema. Nikaacha kanzu ya watu ina mkono mmoja. Nilipofika ulikuwa umekwisha kuzikwa. Hakuna aliyenialika, na hakukuwa na haja, maana msiba hauna mwaliko, mtu akisikia huenda. Ndiyo shughuli pekee ambayo mlango wako ulikuwa wazi kwangu bila hodi, nikaingia.

Nilikaa matanga siku tatu. Wanaume wa Shumba walinisogezea mkeka, wakanipa kahawa, wakanipa juzuu nisome. Nikangoja. Nilijua lazima mmoja atauliza, huyu ndugu wa tumbo moja, miaka yote hii alikuwa wapi? Nilikuwa na majibu manne, yote ya uongo na yote mazuri. Hakuna aliyeuliza. Siku ya kwanza nilidhani ni adabu ya msiba. Siku ya pili niliogopa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Bi Mize aliniita. Alikuwa ndani, katika eda, akasema nami nyuma ya pazia, nami nikakaa kizingitini. Akanieleza kwamba kila mwaka, siku ya maulidi ya mtaa wetu, ulikuwa unaoga, unavaa kanzu nyeupe, unakaa barazani toka adhuhuri mpaka jua linazama. Mwaka wa kwanza alikuuliza unakwenda wapi. Ukamwambia huendi mahali, unakaa tu, huenda Saidi yuko njiani. Baada ya hapo hakuuliza, alikuwa anaipiga pasi kanzu siku moja kabla.

Kisha akalisogelea pazia.

"Alituusia, shemeji," akasema. "Alisema Saidi atakuja. Siku atakayokuja, hata nikiwa sipo, msimuulize alikuwa wapi."

Nilichukua viatu vyangu.

Ulidhani umenirehemu, kaka, na umenirehemu kweli. Lakini nimerudi Chake na swali langu kifuani halijaulizwa, na mtu asiyeulizwa hana pa kujibia. Basi najibu hapa, mbele ya mtaa, bila kuulizwa.

Nilikuwa Chake. Sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, sikuwa na shughuli. Nilikuwa barazani kwa Ramji, nakanyaga cherehani, nakungoja wewe uje unisamehe, ili nisipate taabu ya kuomba.

Mola akupanulie ulipo, na akupe wa kukusikiliza.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Saidi