Nilijaza Fomu Nikijifanya Mzazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usitaje jina langu, nina miaka kumi na sita, naishi Spånga huku Uswidi na mama na mdogo wangu Désiré wa miaka saba, na nimefanya kitu ambacho sijui kama ni uongo au ni ukweli, kwa sababu naona ni vyote viwili.

Kila Jumamosi kuna darasa la Kiswahili la watoto huko Akalla, anafundisha Tantine Adrienne, yaani shangazi, si ndugu wa damu ila sisi Wakongo ndivyo tunavyomwita, na wazazi wote, Wakongo na Wakenya, wako kwenye kundi moja la WhatsApp. Watoto walipopungua Tantine akaniambia, "Weye unajua mambo ya simu, uliza wazazi waseme wazi." Mimi hata kuagiza kebabu naona haya, lakini kuandika naweza, nikaandika, "Wapendwa wazazi, tunaomba maoni yenu kuhusu darasa." Wakajibu thelathini na mmoja. Wote "Amina." Mmoja akaongeza, "Ubarikiwe binti."

Shuleni kwetu somo likiisha tunajaza fomu bila jina, tunasema kizuri na kibaya, mwalimu anashukuru, hakuna anayenuna, basi nikatengeneza fomu kama hiyo nikaahidi hakuna atakayejulikana. Siku nne, kimya. Nikaona labda wanaogopa kuwa wa kwanza, nikajaza mimi, nikajifanya mzazi: "Mwanangu akikosea neno anafokewa mbele ya wenzake, analia, Jumamosi anaficha viatu ili asije." Ni kweli mshauri, ni Désiré, na mimi ndiye ninayevitafuta hivyo viatu. Kisha nikaandika kundini, "Tumepata jibu la kwanza, endeleeni!" na kweli wakaendelea, wakafika kumi na tisa.

Tantine akasoma yote, akabaki na hilo moja. Akanipigia, "Nani aliandika hii? Ni Mama Wayne, eh? Si ndiye alitoa mtoto?" Mama Wayne ni Mkenya, anaitwa Jennifer, na alimtoa Wayne kwa sababu ya mazoezi ya hoki, basi. Nikanyamaza, na Tantine akachukulia kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Jumapili kanisani Mama Wayne akamnyooshea mkono, Tantine akapita kama hakuna mtu. Mama Wayne akamuuliza mama, "Kwani nimemkosea nini Adrienne? Si aniambie tu!" Mama akanigeukia, "Unajua kitu?" Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba sijui, maana kumdanganya kwa Kiswahili siwezi.

Jumamosi hii Tantine anataka kumtoa Mama Wayne kundini, wote wakiona. Nikisema ni mimi, hakuna atakayejaza fomu tena. Nikinyamaza, Mama Wayne anafukuzwa. Na ile siri niliyoahidi, inanihusu na mimi? Sielewi tena lipi ni lipi.

Mtengeneza Fomu, Spånga

Binti yangu,

Umejifunga mwenyewe, ngoja nikufungue. Siri uliwaahidi watu kumi na wanane. Itunze, na usimpe Tantine tena majibu ayasome akitafuta nani aliandika lipi. Mpe mambo, si watu. Jibu moja lililobaki ni lako, na lako una ruhusa ya kulitaja.

Kusema Désiré analia si kosa. Kosa ni kujifanya mama wa mtu, halafu ukamwacha mama wa watu abebe lawama huku wewe unaona haya. Hiyo haya naijua, nilikuwa nayo. Lakini yako imemwangukia Jennifer.

Usingoje Jumamosi. Leo mwambie mama yako, na umwambie kwa Kiswahili. Kisha mwende wote wawili Akalla. Usitume ujumbe wa sauti! Kaa mbele ya Tantine useme: "Niliandika mimi. Mama Wayne hajui lolote. Na Désiré analia kweli." Hilo la tatu usilimeze. Atafoka, mwache amalize, mama yako yupo. Ukitoka hapo mpigie Mama Wayne umwombe radhi. Nawe Adrienne, najua unasoma hapa: mkono ulioupita kanisani, ukaushike kanisani.

Kuhusu kundi, ukiomba "maoni" utapewa Amina mpaka uzeeke. Nani atamkosoa hadharani mama anayejitolea Jumamosi zake? Uliza kisichojibika kwa Amina: darasa lianze saa nne au saa saba? Mtoto anarudi akiimba au akinuna? Wakijibu, badilisheni hata kimoja, kisha waambie: mlisema hivi, tumefanya hivi. Watajaza tena.

Mwisho, andika kundini, kwa jina lako, kwamba jibu la kwanza lilikuwa lako na ya wengine huyajui wala hutayatafuta. Watakuletea Amina thelathini na moja. Safari hiyo zihesabu zote, maana zitakuwa jibu.