Nilimlisha Mama Ndanu kwa Mkono Wangu

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada, na huu mwandiko wangu usome polepole, mimi niliishia darasa la nne, mwalimu alikuwa anachapa na mimi nilikuwa nacheka. Niko hapa Katelembo, mzee wa mke mmoja, anaitwa Wanza, na nataka nikueleze yale yaliyonipata kwenye sherehe ya bwawa.

Kila Agosti sisi hapa tunavua wale wadudu wekundu wa bwawani, wako na makucha kama koleo, wasomi wanawaita kamba wa maji baridi, sisi tunawaita nge wa maji kwa sababu ndiyo sura Mungu aliwapa, tunawachemsha kwa pipa na chumvi, pilipili na ndimu, tunawamwaga juu ya majani ya migomba, na bendi inakuja na magitaa kutoka mjini, watu wanakula wakicheza. Kazi yangu ni kuwamenyea waoga. Sasa nikaona mama mmoja mgeni amesimama kando, kitenge kipya, ameshika pua, na pengo la meno hapo mbele kama la Ndanu, yule msichana mwanangu Kyalo anataka kuoa, nikajiambia dunia iko na mapengo mengi, nikamwendea.

"Mama, kula. Huyu ameshaokoka, haumi tena."

"Ng'o! Huyo ni nge, mzee. Unataka nirudishwe Kyumbi nikiwa kwa sanduku?"

"Basi fumba macho. Ukifa nitakulilia mwenyewe."

Akafumba, Mama Mshauri, nikamtia mkia mdomoni na mkono wangu huu, akatafuna, akafungua macho akasema, "Lete mwingine," nami nikaleta, na gitaa likaingia ile ya kutikisa mabega, nikamshika kiuno tukacheza mpaka vumbi likatufunika, na hapo ndipo mwimbaji, unajua hawa wetu lazima wataje watu majina kwa maikrofoni, akapaza sauti: "Namwona Mzee Muindi, baba Kyalo! Namwona na Mama Ndanu wa Kyumbi! Wakwe wamepatana kabla ya mbuzi!"

Gitaa likanyamaza. Yule mama alipiga uwiii, akajifunika kitenge mpaka uso, akakimbia kuelekea barabarani, kiatu kimoja kikabaki, na mimi nikabaki nimeshika mkia wa nge kama mjinga.

Sisi Wakamba tuko na nthoni, ile heshima ya wakwe: baba wa kijana na mama wa msichana hawagusani, hawalishani, hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona kwa sababu siku ya kubisha hodi kwao malaria ilinilaza, wakaenda ndugu zangu. Jumamosi hii tulikuwa tupeleke mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, na sasa baba Ndanu ametuma neno kwamba mbuzi wetu wasivuke geti yake. Kyalo haniangalii. Wanza bado ananipikia, lakini sahani anaiweka chini kama ya paka, halafu ananiuliza, "Nikumenyee?"

Ndugu yangu Mulwa anasema Jumamosi aende yeye, ajifanye ndiye baba Kyalo, mimi nijifiche mpaka harusi ipite. Nikubali? Na usinikemee sana, najua nyinyi washauri mnapenda. Kwa kweli sikujua.

Muindi, Katelembo

*

Mzee Muindi,

Nimesoma barua yako chai ikapoa. Kumlisha, kumshika kiuno, na bado unanitania! Pole kwa malaria. Kwa mengine subiri kwanza.

Unasema hukujua. Mzee, pengo uliliona, na Kyumbi ukaisikia. Uliliona, ukamkumbuka Ndanu, ukanyamaza. Mgeni kwenu huulizwa kwanza, "Wewe ni wa nani?" Neno hilo moja ndilo linalolinda nthoni, nawe uliliruka kwa sababu ulitaka kucheza.

Na huyo Mulwa wenu ana akili za wapi? Si alienda siku ya hodi? Walimwona akiwa baba mdogo, leo ageuke baba? Uongo huo ukivunjika utamwangukia Kyalo, si wewe.

Sasa sikiliza. Anza na Wanza. Umemwaibisha mbele ya kijiji kizima, mwombe radhi leo, na ukicheka umeharibu. Kisha kile kiatu kiosheni, na Wanza ndiye akirudishe, mkononi mwa mama mwenzake. Wazee wa ukoo wenu waende naye na mbuzi mmoja wa kuomba msamaha, mbali na wale wa ntheo. Wewe ufuate nyuma, usimame nje ya geti hata kama ni mchana kutwa. Ukiitwa na baba Ndanu, sema, "Niliona pengo, sikuuliza," halafu funga mdomo. Hakuna utani. Siku ya ntheo wachague wao, Jumamosi isahau.

Na mama Ndanu akitamani tena nge wa maji, maana naona walimwingia, atamenyewa na Wanza. Agosti ijayo wewe chochea moto wa pipa, mgongo ukiwa kwa wachezaji.

Mikia ya nge umemaliza, Mzee Muindi. Umebaki huo wako. Ufyate.