Jicho la Kushoto la Mdogo Wako

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi,

Hujambo huko? Watoto wanaendeleaje, na lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi ni wazima, ila uzima wetu una kiraka. Nimeona niandike, maana nikikupigia simu mdogo wako husogea mlangoni kusikiliza.

Kazi yake unaijua: hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni mwa mtu, huku eksirei ikimulika ili aone anakokwenda. Mgonjwa humulikwa siku hiyo akaenda zake. Yeye yumo humo kila siku, na ile aproni nzito ya kuzuia mionzi imemwelemea. Mimi fundi cherehani niliona mapema, kwani mashati yake sasa nayakata bega moja chini kuliko lingine.

Miwani ya kujikinga anayo. Huipandisha kwenye paji la uso, eti inaingia ukungu. Na kile kidude cha kupima mionzi wanachobandika kifuani, nimekikuta kwenye koti lake la nyumbani. Nilipomuuliza alicheka.

"Mama watoto, kikisoma juu watanitoa chumba cha eksirei. Sasa nani atabaki na wagonjwa?"

Sikucheka, wifi. Nilikasirika na mpaka leo nina hasira.

Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaisingizia birika. Nikamburuta kwa daktari wa macho. Ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto, upande unaoelekea mashine. Daktari anasema akifanyiwa upasuaji ataona vizuri, ila apumzike kwanza, na akirudi kazini avae kila kitu. Mdogo wako kajibu atakwenda wagonjwa wakipungua. Wagonjwa wa moyo wamewahi kupungua lini?

Maneno yangu yanaingia sikio hili yanatokea lile. Wewe ulimbeba mgongoni, wewe anakuogopa. Naogopa atapofuka huku anatutania.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama yenu anakusalimu sana. Habari za jicho hajui, tumwache hivyo. Mungu awafunike huko mliko.

Jumamosi atakupigia simu ya video kama kawaida, na atasema hana neno. Mwambie afumbe jicho la kulia, halafu akutajie rangi ya nguo uliyovaa. Akishindwa, usimkaripie. Mwambie tu dada yake bado anataka kuonwa.

Wako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Wifi yako.