Jina Lenye Ritifaa

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha baba kimetulia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenikosesha raha.

Mwaka jana ofisini tulipewa kazi ya kutengeneza fomu ya maombi ya chuo cha uuguzi, kile kile ulichoomba. Kompyuta ilipaswa kukagua kama kila jina limeandikwa sawasawa. Ukaguzi huo huandikwa kwa mabano, nyota na vikorokoro chungu nzima, na wenzangu walikuwa wakivikosea kila siku. Nikawatungia funksheni ndogo za kuwasaidia, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kutumika, nikazipa majina ya kawaida: herufi, nafasi, mwisho. Wao wanaziunganisha tu, vikorokoro vinajiandika vyenyewe. Nilisifiwa, dada, mpaka kichwa kikavimba.

Wiki iliyopita karani wa chuo alipiga simu, akasema kuna fomu arobaini na moja ambazo hazikumfikia kamwe. Mkuu wangu akamshukia mwenzangu tunayemwita Miwani, maana ndiye aliyeiunda fomu. Miwani akajitetea kwamba alitumia tu alichopewa. Hakunitaja. Siku mbili nilimwona akila peke yake, nami nikanyamaza.

Kosa lilikuwa kwenye ile funksheni ya herufi. Niliisahau ritifaa, ule mkato mdogo wa juu kama wa kwenye neno ng'ombe. Kila jina lenye ritifaa kompyuta ililiona takataka, ikaliweka kando kimyakimya. La ukoo wetu likiwemo.

Utauliza kwa nini sikuligundua. Nilifanya majaribio kwa jina langu, likapita. Ritifaa yangu niliidondosha mwenyewe nikiwa sekondari, nilipochoka kuchekwa, na baba sikumwambia. Wewe uliibakiza. Ndiyo sababu umekaa mwaka mzima ukiambiwa hukujituma. Siku baba alipokwambia kwamba ungestahili wangekuita, nilikuwa mezani pale, nikaitikia kwa kichwa.

Jana nilimweleza mkuu yote, Miwani akisikia. Nimeondolewa kwenye kazi ile, na ni haki. Chuo kitawaita wote arobaini na mmoja kwenye usaili mwezi ujao. Fomu yako nimeiona kwa macho yangu. Mwaka uliopotea siwezi kukurudishia.

Naomba umsomee baba barua hii, usiruke pale palipo aibu yangu. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea.