Nilisema Sawa

Dada mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na wanangu, na kwamba goti lako limeacha kukuonea. Huku tu wazima wa mwili, ila moyo haujatulia. Najua umekasirika. Unapiga simu sipokei, kisha nakutumia ujumbe wa maneno matatu. Ningekuwa wewe ningeshanuna zamani. Nivumilie kidogo, nitafika huko.

Unakikumbuka kile kikundi changu cha kujitolea cha kutafsiri maelezo ya dawa, ambacho shemeji hukiita kazi isiyo na mshahara wala chai. Tumetawanyika nchi nyingi, na siku zote tumekuwa tukiandikiana. Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, mhasibu mwenye haraka zake, alisema maandishi yanatuchelewesha, tena kuna wenzetu ambao kuchapa kunawatesa. Tuhamie kwenye mikutano ya sauti na picha, na uamuzi utolewe hapo hapo. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tunaye mfamasia mmoja kiziwi, ndiye mkaguzi wa vipimo vyote vya dawa, na kwa jinsi anavyoandika tunamwita Kalamu. Aliniomba nimsemee mkutanoni: yawepo yote mawili, sauti na maandishi, na jambo lisihesabiwe limepita mpaka kila mtu alisome na kujibu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mdomo ninao.

Siku yenyewe nilikaa mbele ya kompyuta shingo imenikakamaa, macho kwenye midomo yao. Mmoja kajifunika mdomo kwa kiganja, mwingine picha yake inakwamakwama. Mara nikaona wote wametulia, wananitazama. Mwenyekiti alikuwa ameniuliza kitu. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Wakaendelea.

Kesho yake Kalamu aliniandikia kwamba amesoma muhtasari. Humo imeandikwa kwamba mwenyekiti aliniuliza kama na mimi nakubali tuache maandishi, nami nikakubali. Kalamu akasema hanielewi, na kwamba anajitoa kwenye kikundi. Maelezo ya dawa moja ya watoto yamelala, hayana mkaguzi.

Dada, sikusikia swali. Sisikii. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, na daktari amesema la kulia linafuata. Nimemficha kila mtu. Nimejifunza kucheka wenzangu wakicheka, na pale nisipoambulia kitu, nasema sawa. Asubuhi hii nimewaandikia kikundi kizima ukweli huo na kuomba uamuzi urudiwe, safari hii kwa maandishi. Mwenyekiti kimya. Kalamu kimya. Naitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu, na ninaogopa.

Ulipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, si wa pili, kwa sababu hii. Ulipokuja kwangu mara ya mwisho, ulisimama kwenye sinki ukiosha vyombo, umenipa mgongo. Niliona mabega yako, nikajua unaongea, na unaongea kwa kirefu. Ulipotulia nikasema sawa. Ukageuka, machozi yanakutoka, ukachukua mkoba wako na kuondoka kabla hata chai haijachemka. Tangu siku ile si wewe ninayekujua.

Sijui uliniambia nini, dada. Sijui nilikubali nini.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Simu iache. Niandikie maneno yale yale uliyoyasema pale kwenye sinki, hata kama ni ya kuniumiza, unipe nafasi ya kuyajibu.

Mdogo wako,
Kitinda